Betri Iliyoamshwa kwa Nguvu

Abalo alipanda ngazi za lile jengo la maduka upande wa Nakivubo akiwa ameikumbatia laptopu yake kifuani kama mtu anayempeleka mtoto zahanati. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Alikuwa ameshazunguka kwa mafundi wawili, na wote walimpa jibu moja: nunua nyingine. Wa tatu alikuwa Zéphyrin, Mkongo wa Butembo mwenye meza ndogo ghorofa ya pili. Upande mmoja alipakana na duka la viatu, na upande wa pili alikuwa Ochola, muuzaji wa vifuniko vya simu na spika za kelele.

"Fundi, hii kitu yangu imekataa kuchaji," Abalo alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Baba yake alikuwa askari jeshi, naye alikulia kambi hii na ile kabla familia haijahamia Kireka.

"Inawaka lakini?"

"Inawaka ikiwa kwa umeme. Ukichomoa chaja tu, imekufa. Na kwetu umeme unakwenda kila siku."

Zéphyrin alivuta kiti. Miaka kumi na miwili alikuwa akifanya kazi hii Kampala, na mikono yake ilikuwa na mpangilio wake. Alianza kwa chaja, akaipima kwa mita; volti zilikuwa sawasawa. Akachunguza tundu la chaja kwa tochi, akatikisa waya huku na huku aone kama mwanga utakatika. Haukukatika. Akaizima mashine, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu ili umeme uliobaki ndani uishe, akaiwasha tena. Kwenye kona ya kioo yakatokea maneno yale yale: imeunganishwa, haichaji. Asilimia sifuri.

"Chaja ni nzima, tundu ni zima," alisema. "Shida ni betri yenyewe. Ngoja niione."

Alifungua mfuniko wa chini, skrubu kumi na moja, akaitoa betri. Aliipasua ganda taratibu kwa wembe. Ndani zilikaa seli sita za chuma, zimepangwa mbilimbili. Aligusisha ncha za mita. Jozi ya kwanza ilikuwa na uhai, ya tatu pia. Ya katikati ilikuwa imeshuka mno, karibu haina kitu. Kwa fundi hilo lilikuwa jambo la wazi. Jozi moja ikishuka hivyo, kile kisahani kidogo cha ulinzi kilichomo ndani ya betri hufunga mlango na kukataa kabisa kupokea chaji. Hakikatai kwa ubovu. Kinakatazwa na waliokitengeneza, kwa sababu seli iliyokaa njaa muda mrefu huharibika kwa ndani, na ukiijaza tena inaweza kupata moto.

Zéphyrin alimwambia Abalo nusu ya hayo. Alimwambia seli zimekufa na kwamba betri mpya ya aina hiyo ni adimu. Alipiga simu kwa mtu wake wa soko la Kikuubo, akapiga kwa mwingine. Haikuwepo. Labda ije na mzigo, baada ya wiki mbili.

Abalo akaanza kueleza, na alipoanza hakusimama. Alikuwa anatafsiri mahojiano ya Kiacholi kwa watafiti waliokuwa wakikusanya habari za vita vya kaskazini. Ni kazi ya miezi minane, na sehemu ya mwisho ilitakiwa Jumamosi. Watu wale walikuwa wazee, walitumia maneno ya zamani ambayo yeye, mtoto wa kambini, hakuyajua. Aliyemsaidia ni baba yake, mzee Saverio. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, haamki kitandani, na mdomo umepinda, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Kila siku Abalo aliweka laptopu pale pale kitandani, akamwekea mzee kisikilizio sikioni, na mzee akamtolea maana ya neno moja moja kwa ule mdomo wa nusu.

"Ndiyo kazi pekee imebaki naye," Abalo alisema. "Siku nikichelewa kufungua mashine, ananinunia. Fundi, nipe hata saa mbili za betri. Mpaka Jumamosi tu. Baadaye itupwe."

Zéphyrin aliitazama ile jozi ya katikati. Njia ilikuwepo, na mafundi wengi walikuwa wakiitumia kimyakimya. Unakiruka kile kisahani cha ulinzi, unaisukumia seli umeme moja kwa moja, kidogokidogo, mpaka ifike kiwango ambacho kisahani kitadanganyika na kufungua mlango. Waliita kuiamsha betri. Alikuwa amefanya hivyo mara nne au tano maishani, kwa mashine zake mwenyewe, akiwa amekaa macho pembeni. Hakuwahi kumpa mteja.

Baadaye alijiuliza sana ni nini kilimsukuma siku ile. Huruma ilikuwepo, hilo hakulikana. Lakini palikuwa na kitu kingine: mafundi wawili walishashindwa, na yeye alipenda kuwa mtu anayeweza.

"Niachie mpaka saa nane," alisema.

Saa nane Abalo aliporudi, laptopu ilikuwa mezani imewaka, chaja haijachomekwa. Asilimia arobaini na moja. Abalo aliziba mdomo kwa mikono miwili. Akamshika Zéphyrin bega, akamtikisa. "Fundi! Wewe ni mtu hatari!" Ochola kutoka kwenye spika zake akapiga makofi.

"Iko sawa sasa?" Abalo aliuliza akifunga zipu ya mkoba. "Naweza kuchaji kama kawaida?"

"Iko sawa, dada," Zéphyrin alisema. "Usiiache peke yake tu wakati inachaji."

Aliyasema hayo ya mwisho huku Ochola akijaribu spika moja kwa sauti ya juu. Abalo aliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia maagizo ya fundi, akashuka ngazi. Neno moto Zéphyrin hakulitamka.

Jumatatu Ochola alifika kazini amechelewa, na hakuwasha spika. Alikuja moja kwa moja kwenye meza ya Zéphyrin, akaegemea.

"Yule dada mrefu wa Jumatano," alisema. "Yule wa laptopu. Shemeji zangu wanakaa Kireka, mtaa ule ule. Nyumba ya yule dada imeungua Ijumaa. Mzee alikuwa ndani."

Zéphyrin aliweka bisibisi chini. "Mzee yuko wapi?"

"Amefariki Jumamosi, hospitali. Moshi ndio ulimmaliza, na miguu iliungua." Ochola akasonya. "Ni hizi waya za kuungaunga. Kuna mmoja anaitwa Abudu, fundi wa umeme wa mtaa, ndiye aliyeweka waya katika nyumba ile miezi miwili nyuma. Watu wamempiga sana. Polisi wamemchukua, yuko ndani tangu Ijumaa. Na kitu cha ajabu, ni yeye huyo huyo aliyevunja dirisha akamtoa mzee."

"Moto ulianzia wapi?"

"Nani ajue? Kitandani, wanasema. Dada alikuwa ametoka kununua dawa za mzee."

Zéphyrin alimaliza siku ile bila kujua amefanya nini. Mteja mmoja alimrudishia mashine kwa sababu alikuwa ameifunga bila kuweka kibodi. Jioni, katika chumba chao cha Katwe, alimweleza mkewe Reine kila kitu, tangu ile jozi ya katikati hadi Abudu. Binti yao Princesse na wadogo zake walikuwa nje wakifua sare za shule.

Reine alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia juu ya unga aliokuwa akiuchekecha.

"Papa Princesse, kuna mtu amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi kaa kimya." Alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mzito kuliko kelele. "Huyo Abudu ni mtu wa hapa. Ana ndugu, ana mwenyekiti wa mtaa, watamtoa. Wewe nani atakutoa? Sisi tuko na karatasi ya wakimbizi na watoto watatu. Ukiingia pale na kusema mimi ndiye, watakufunga, na kesho watasema Wakongo wanachoma watu."

"Wamempiga, Mama Princesse."

"Na wewe watakupiga."

Zéphyrin aliona Reine hakosei. Alilala ameukabili ukuta. Kulipopambazuka alioga, akavaa shati lake la kanisani, na Reine akaliona lile shati. Alimfungia tu chapati mbili kwenye karatasi, akamwekea mfukoni.

Kireka aliwakuta wafiwa wamekaa nje kwenye mikeka, mbele ya nyumba ya vyumba viwili ambayo paa lake lilikuwa limejikunja upande mmoja. Maiti ilikuwa bado hospitali. Alhamisi wangeisafirisha kwao Kitgum, kaskazini, kwa mazishi. Abalo alikuwa ameketi kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, nywele amezinyoa. Alimtazama Zéphyrin muda kidogo kabla ya kumtambua.

"Fundi," alisema. "Mpaka wewe umekuja."

"Pole sana, dada. Pole sana." Alibaki amesimama. "Naomba unionyeshe chumba."

Abalo alidhani ni namna ya Wakongo ya kutoa rambirambi. Akamwongoza ndani.

Harufu ilikuwa bado nzito, ya plastiki na godoro. Kitanda cha chuma kilibaki mifupa. Zéphyrin aliangalia kwanza soketi ya ukutani, upande wa kichwa cha kitanda. Ukuta ulikuwa mweusi kote, ila soketi yenyewe ilikuwa haijayeyuka. Aliifungua kwa bisibisi ya mfukoni, na ndani waya zilikuwa safi, nyekundu na nyeusi, kama siku zilipowekwa. Kazi nzuri, iliyofanywa na mtu makini. Kisha akainama kwenye majivu chini ya kitanda. Laptopu ilikuwa imebaki kipande, imekunjamana. Alikigeuza. Seli nne zilikuwa zimeungua lakini hazijapasuka. Mbili za katikati zilikuwa wazi vichwani, zimetapika matumbo yake.

Alijua tangu jana. Lakini kujua na kushika mkononi ni mambo mawili.

"Dada Abalo, huu moto haukutoka ukutani."

"Polisi wamesema ni waya."

"Hawakufungua soketi. Tazama, waya ni nzima." Alimwonyesha. Kisha akainua kile kipande. "Umetoka hapa. Hizi mbili ndizo zilizokuwa zimekufa. Ndizo nilizoziamsha kwa nguvu."

Abalo hakupepesa jicho. Nje mwanamke mmoja alikuwa akiwaita watu waje kula.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua inaweza kutokea. Sikufikiri itatokea."

"Nilikuuliza kama iko sawa."

"Uliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema iko sawa."

Abalo alikaa kwenye chuma cha kitanda. Alipozungumza tena hakuwa akimtazama.

"Umeme ulikuwa umekwenda tangu asubuhi. Ukarudi saa nane, nikaichomeka. Tulikuwa tumefika neno moja la mama mmoja wa Pader, mzee akasema ngoja, nilifikirie hilo. Nikasema sawa, nafuata dawa zako, nikirudi uwe umelipata." Alipangusa masizi gotini, yakazidi kusambaa. "Alikuwa anaita, fundi. Jirani wa ukuta huu alimsikia. Lakini kwa ule mdomo wake, jirani akadhani anabishana na redio kama siku zote. Aliita mpaka moshi ukatoka dirishani."

Zéphyrin alilia. Abalo hakulia. Alikuwa amemaliza machozi yake, au alikuwa ameyaweka kwa ajili ya Kitgum. Alisimama, akachukua karai lililokuwa mlangoni, akaweka ndani yake kile kipande cha laptopu na zile seli, moja moja.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kuna mtu anakaa ndani bure."

Walikwenda kwa miguu, Abalo mbele na karai mkononi, Zéphyrin nyuma. Kituoni walimkuta sajenti mmoja, mama wa makamo. Alisikiliza bila kuelewa, akaita mwenzake, wakasikiliza wote wawili. Zéphyrin aliwaeleza kwa Kiswahili cha polepole: chaja, jozi ya katikati, kisahani cha ulinzi. Walitaka kujua vipi betri ambayo haichaji iungue ikichaji. Alirudia. Mara ya tatu sajenti akaweka kalamu chini.

"Sasa wewe mtu wa Kongo, unaelewa unachosema? Ninaandika kwamba umeua mzee."

"Andika nilichofanya, afande. Hilo lingine mtaamua nyinyi."

Alitia sahihi. Wakamvua mkanda na viatu.

Abudu alitolewa wakati Zéphyrin anaingizwa, wakakutana kwenye korido. Alikuwa kijana mnene wa miaka thelathini hivi, jicho moja limefumba kwa uvimbe, mikono yote miwili imefungwa bandeji chafu hadi viwiko. Sajenti alikuwa ameshamwambia. Alisimama mbele ya Zéphyrin, akahema.

"Ulijua lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana," Abudu alisema. "Jana usiku ndiyo walinipiga zaidi."

Akapita.

Kesi ilichukua miezi saba, na miezi hiyo Zéphyrin aliikaa mahabusu. Reine alikuja kila Jumapili. Hakumlaumu hata mara moja, na hakumwambia kwamba alifanya vyema. Alimwambia habari za watoto na kwamba Ochola amezihifadhi zana zake kwenye sanduku. Waumini wa kanisa lao walichangishana fedha za wakili.

Siku ya ushahidi Abalo alisafiri kutoka Kitgum, ambako alikuwa amebaki tangu mazishi. Alisimama kizimbani na kueleza yote: kwamba fundi alimwambia seli zimekufa, kwamba ni yeye aliyemsihi, kwamba aliuliza kama iko sawa akaambiwa iko sawa, kwamba aliambiwa asiiache peke yake, naye akaiacha. Hakuongeza na hakupunguza. Aliposema aliiacha, sauti ilimkatika, hakimu akamngoja. Alipomaliza, hakimu alimuuliza kama ana la kuiomba mahakama. Akasema hana.

Zéphyrin alihukumiwa mwaka mmoja, ukihesabiwa na ule muda aliokwisha kaa. Wakati askari wanamshusha, Abalo alikuwa amesimama karibu na mlango, gauni jeusi, mkoba mkononi.

"Ahsante, dada," Zéphyrin alimwambia. "Kwa kusema vile."

"Sijakusamehe, fundi," Abalo alisema. "Nimesema tu kilichotokea." Akageuka kutafuta mlango wa nje. Hawakuonana tena. Ochola alisikia baadaye kwamba watafiti walikwenda Kitgum kumwomba amalizie ile sehemu ya mwisho, akakataa.

Zéphyrin alipotoka, meza yake ilikuwa ya mtu mwingine. Hakuidai. Alipata kibarua Katwe, kwenye karakana ya majiko ya mkaa, kukata mapipa ya bati na kuyanyoosha. Kazi ilikuwa ya jasho na kelele, lakini ukikosea, kosa lilionekana papo hapo kwa macho.

Jumamosi ya pili baada ya kutoka, alikwenda Kireka kumtafuta Abudu. Alimkuta mbele ya nyumba mpya isiyopakwa chokaa, amekaa juu ya tofali, sanduku la vifaa miguuni. Vidole vyake vilikuwa vimepona vibaya. Vilikunjika nusu tu, na koleo halikushikika. Tangu moto ule alikuwa akipokea kazi kwa sifa ya jina lake la zamani na kumlipa mtu mwingine aifanye, na siku ile mtu huyo hakuwa ametokea.

Abudu alimtazama kutoka chini hadi juu.

"Unataka nini?"

"Niko na mikono," Zéphyrin alisema. "Wewe sema, mimi nifanye."

Abudu alitema mate pembeni. Mwenye nyumba alitokeza kichwa dirishani, akauliza kama kazi itaanza leo au la.

"Inaanza," Abudu alimjibu. Kisha akamsukumia Zéphyrin sanduku kwa mguu.

Walifanya kazi hadi saa kumi. Abudu alionyesha kwa kidevu na kutoa amri fupi. Hakumwita kwa jina wala hakumpa maji alipokunywa yeye. Walipofika kuunganisha chumba cha mwisho, Zéphyrin alipanda kwenye ngazi na kunyoosha mkono kuelekea waya.

"Shuka," Abudu alisema.

"Nimeshazima swichi ya hapa."

"Shuka ukazime ile kubwa ya nje. Halafu urudi na mita, uipime mbele yangu. Mimi sikuamini."

Zéphyrin alishuka, akatoka nje kuizima.